Gemu la Nyoka na Waliolifuata

Mwishoni mwa mwaka 1997 Nokia ya Ufini ilitoa simu iliyoitwa 6110. Ilikuwa simu ya watu wa ofisini, yenye kalenda, kikokotoo, na miale ya infraredi ya kurushiana namba na mwenzako. Ndani ya menyu, baada ya mambo yote ya kazi, kulikuwa na magemu matatu. Mawili yamesahaulika. La tatu lilikuwa nyoka wa vidoti vyeusi anayekimbilia chakula, na kila akila anarefuka, mpaka siku ya siku anajigonga mwenyewe.

Aliyeliandika ni Taneli Armanto, mhandisi wa hapo hapo Nokia. Wazo halikuwa lake, kwa sababu nyoka wa namna hiyo alikwisha kuchezwa kwenye mashine za Marekani tangu gemu la Blockade la mwaka 1976. Wala hakuwa wa kwanza kutia gemu ndani ya simu, maana kampuni ya Kijerumani ya Hagenuk ilikuwa imeweka Tetris kwenye simu yake mwaka 1994. Kazi ya Armanto ilikuwa kulipenyeza gemu hilo kwenye kioo chenye nukta 84 kwa 48, likachezwa kwa kidole gumba juu ya vitufe vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupiga namba. Alipolijaribu aliona kwamba nyoka akishika kasi mchezaji anakufa ukutani hata kabla ya kidole kutii. Basi akaongeza ucheleweshaji mdogo sana, sehemu ndogo tu ya sekunde, pale nyoka anapokaribia kugonga, ili mtu apate nafasi ya mwisho ya kukata kona. Mchezaji hauoni ucheleweshaji huo. Anachohisi ni kwamba gemu linamtendea haki: amekufa kwa uzembe wake, si kwa hila ya simu.

Nakitaja kitu hiki kidogo kwa sababu karibu historia yote ya ubora wa magemu ya simu imo humo. Armanto alikuwa na sababu moja tu ya kuweka kile kipande cha sekunde, nayo ni kwamba gemu liwe zuri. Hakuna aliyelilipia. Simu ilikuwa imekwisha nunuliwa, Nokia ilikuwa imekwisha pata fedha yake, na nyoka hakuwa na njia yoyote ya kumwomba mtu senti nyingine. Mchezaji akishindwa alianza upya papo hapo, na hakuna aliyemwambia asubiri au alipe.

Mwaka 2000 ikaja Nokia 3310, na nyoka wa toleo la pili akaja nayo, safari hii akiweza kupenya upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili. Ndani ya simu hiyo hiyo kulikuwa na gemu lililoitwa Bantumi, ambalo mtu wa pwani yetu alilitambua bila kuelekezwa: mashimo, kete, na kupanda moja moja kuelekea mbele. Lilikuwa la jamii ya bao, ila jepesi, lenye mashimo sita kila upande na ghala moja la kuwekea mavuno. Mzee aliyekulia barazani na bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64, lenye namu na mtaji na nyumba ya kulindwa, angeliona la watoto. Hata hivyo ni jambo la kuzingatia kwamba gemu la akili lenye asili ya bara hili lilifika mifukoni mwa mamilioni ya watu kupitia Ufini, likiwa ndani ya simu, bila kulipiwa. Miaka mitatu baadaye ilitoka Nokia 1100, ile ambayo Tanzania waliiita kitochi na Kenya wakaiita mulika mwizi. Iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na nyoka alikuwamo.

Mwaka huo huo wa 2003, Nokia yenyewe ilidhani imeelewa kilichowavutia watu, ikakosea. Mwezi Oktoba ilitoa N-Gage, simu na mashine ya magemu kwa pamoja, kwa dola 299. Ilikuwa na magemu yanayouzwa kwenye vikadi, yenye picha za pande tatu ambazo nyoka asingeziota. Lakini ili kubadilisha gemu ilibidi ufungue mfuniko na kutoa betri. Ili kuzungumza na mtu ilibidi uishike ubavu ubavu, ukingo wake ukiwa sikioni, jambo lililowafanya watu mitandaoni wacheke kwa miaka. Picha zilikuwa bora na gemu likawa taabu. Mwaka uliofuata Nokia ilirekebisha makosa hayo katika toleo jipya, lakini soko lilikuwa limekwisha amua.

Kati ya hapo na mwaka 2008 kuna kipindi ambacho sitakikalia sana. Magemu ya Java yalijaa kwenye simu za vitufe, yakiuzwa kupitia kampuni za simu zenyewe, ambazo ndizo zilizoamua lipi liwekwe juu kwenye orodha na lipi lizikwe. Kila gemu lilipaswa kuandikwa upya kwa mamia ya aina za simu, kila moja na ukubwa wake wa kioo na tabia zake za vitufe. Studio zilitumia nguvu nyingi kulihamisha gemu kutoka simu moja kwenda nyingine kuliko kulibuni. Mnunuzi hakuwa na namna ya kulijaribu. Alinunua jina la filamu na kapicha kamoja. Kilichouzwa kwa namna hiyo kilistahili sifa mbaya kiliyoipata.

Studio mojawapo iliyohangaika hivyo ilikuwa ya Ufini pia. Vijana watatu wa chuo, akiwamo Niklas Hed, walishinda shindano la kubuni gemu la simu mwaka 2003, wakafungua kampuni ambayo baadaye iliitwa Rovio. Kwa miaka sita walitengeneza magemu 51, mengine yao, mengi ya kuagizwa na wakubwa, na kufikia mwaka 2009 kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Kilichowaokoa ni mlango uliofunguliwa California.

Tarehe 10 Julai 2008 Apple ilifungua duka lake la programu za iPhone likiwa na programu zipatazo 500. Masharti yalikuwa rahisi kuliko chochote ambacho kampuni za simu ziliwahi kutoa: aina moja ya simu, kioo kimoja, mtu yeyote anaweza kuleta kazi yake, anachukua asilimia 70 ya mauzo na Apple asilimia 30. Siku za kwanza bei zilikuwa za watu wazima. Sega iliuza Super Monkey Ball kwa dola 9.99. Steve Demeter, aliyekuwa mtengenezaji programu wa benki, aliuza Trism kwa dola 4.99 na katika miezi miwili akapata dola 250,000. Habari hiyo ilisambaa, na kila aliyejua kuandika programu akakimbilia dukani.

Hapo ndipo bei ilipoanza kuporomoka. Duka lilipanga magemu kwa wingi wa kupakuliwa, na njia ya haraka ya kupanda kwenye orodha ilikuwa kushusha bei. Mmoja akishuka hadi dola 2.99, jirani yake anashuka hadi 1.99. Kabla mwaka haujaisha, senti 99 za Marekani ndizo zilizokuwa bei ya kawaida, na mtu aliyeombwa dola tano alijiona ameibiwa, hata kama simu aliyoishika ilikuwa ya mamia ya dola. Kwa senti 99 bado gemu zuri liliwezekana, ila lilihitaji wanunuzi wengi mno. Rovio waliwapata. Angry Birds, gemu lao la 52, lilitoka Desemba 2009. Unavuta manati kwa kidole, unaiachia, ndege anaruka na jumba la nguruwe linaanguka. Lilijengwa kwa ajili ya kidole na kioo, bila vitufe vya kuchora vya kuigiza mashine nyingine. Ukikosea unarudia papo hapo. Ni ndugu wa nyoka kabisa.

Lakini miezi miwili kabla ya ndege hao, Oktoba 2009, Apple ilikuwa imebadilisha sharti moja lililopita bila kelele nyingi. Tangu katikati ya mwaka huo watengenezaji waliweza kuuza vitu ndani ya gemu, mradi gemu lenyewe liwe la kulipiwa. Sasa sharti hilo liliondolewa: gemu la bure nalo liliruhusiwa kuuza ndani. Nikiulizwa ni siku gani magemu ya simu yaligeuka, nitaitaja hiyo, kabla ya kutaja simu yoyote au kioo chochote.

Maana gemu la senti 99 likishauzwa halina deni kwako wala wewe kwake. Mtengenezaji ameshapata chake. Kilichobaki ni ulifurahie ili umwambie mwenzako. Gemu la bure halijauzwa bado. Linaanza kuuzwa pale unapoanza kucheza, na linaendelea kuuzwa kila siku. Mbunifu aliyekuwa akijiuliza wapi mchezaji atafurahi sasa anapaswa kujiuliza pia wapi mchezaji atakosa subira kiasi cha kufungua pochi. Mtu yule yule hawezi kuyajibu maswali hayo mawili kwa moyo mmoja, na kwa kawaida linaloshinda ni lile linalolipa mishahara.

Aliyelijibu swali la pili kwa ustadi mkubwa kuliko wote alikuwa tena Mfini. Supercell ilianzishwa Helsinki mwaka 2010, ikiongozwa na Ilkka Paananen, na Agosti 2012 ikatoa Clash of Clans. Unajenga kijiji, unafundisha askari, unavamia vijiji vya wengine. Mwanzoni kila kitu kinakamilika kwa sekunde. Kisha dakika. Kisha masaa, halafu siku nzima kwa mnara mmoja. Kuna vito vya kijani vinavyokatisha kungoja, na vito hivyo vinauzwa kwa fedha halisi. Sitaki kuwaonea: Clash of Clans ni gemu lililotengenezwa vizuri, picha zake safi, vita vyake vina hesabu, na wapo wanaolicheza mpaka leo bila kulipa hata senti. Ila ustadi uliokuwa ndani ya ule ucheleweshaji mdogo wa Armanto umegeuzwa nje ndani. Yeye aliongeza muda mdogo ili mchezaji asionewe. Hawa waliongeza muda mrefu ili mchezaji achoke.

Hesabu ziliwaunga mkono. Mwaka 2013 Supercell, ikiwa na magemu mawili tu sokoni, iliingiza dola milioni 892. Oktoba mwaka huo kampuni za Japani za SoftBank na GungHo zilinunua asilimia 51 yake kwa dola bilioni 1.5. Mwezi mmoja kabla, katika nchi hiyo hiyo, Nokia ilikuwa imetangaza kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu.

Hata hivyo njia nyingine haikuwa imefungwa. Desemba 2010 studio ya Chair, iliyokuwa chini ya Epic Games, ilitoa Infinity Blade kwa dola 5.99, gemu la mapanga na majitu lenye picha ambazo watu hawakuamini zinatoka kwenye simu. Mwaka 2012 Tim Sweeney wa Epic alieleza kwamba ukilinganisha nguvu kazi na mapato, hakuna gemu lililowahi kuwalipa kama hilo. Vishikwambi navyo vilileta watu wao. iPad ilitoka Aprili 2010, na mwaka 2012 wasanii sita wa Guildford, Uingereza, waliokuwa wakifanya kazi za kukodiwa chini ya jina la Fireproof, walitumia ukubwa wa kioo hicho kutengeneza The Room: kasha moja la ajabu la mbao na shaba, lenye droo za siri na funguo zilizofichwa ndani ya funguo. Unalizungusha, unalipapasa, unavuta kitasa kwa kidole na unakaribia kuhisi uzito wake. Lilinunuliwa kwa wingi kiasi cha kuwawezesha kuacha kazi za kukodiwa. Mashine yenye vitufe isingeweza kulifanya jambo hilo vizuri zaidi, na waliokuwa wakisema simu na vishikwambi ni vidogo mno kwa gemu la maana walikosa hoja tangu siku ile.

Ndipo ukaingia mwaka 2014, na katika miezi minne ya kwanza kila kitu kilichokuwa kikichemka kikafurika.

Januari, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na Apple kwa makubaliano kwamba irudishe angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya magemu bila ruhusa. Mzazi alikuwa akiandika nenosiri mara moja, na kwa muda wa dakika 15 mlango ukabaki wazi. Ndani ya dakika hizo mtoto aliyedhani ananunua matunda ya katuni alikuwa ananunua kwa kadi ya mama yake.

Tarehe 30 Januari, Electronic Arts ikatoa toleo la simu la Dungeon Keeper. Gemu la asili, la mwaka 1997, lilibuniwa na Peter Molyneux na wenzake wa Bullfrog, na waliolicheza walilipenda kama jamaa wa nyumbani: wewe ndiye bwana mwovu wa pangoni, una vijishetani vyako vinavyochimba mwamba kutengeneza vyumba. Katika toleo la simu mwamba wa kawaida uliondoka upesi, lakini mgumu ulihitaji muda wa saa 4 kwa kipande kimoja, na mgumu zaidi saa 24. Au vito. Kumbuka kwamba kuchimba ndiyo gemu lenyewe. Hawakuuza mapambo wala njia ya mkato. Walichukua kitendo kilichokuwa furaha ya gemu, wakakifungia, wakakodisha ufunguo. Kilichonishangaza mimi ni jambo lingine: kwenye simu za Android gemu lilimuuliza mchezaji angetoa nyota ngapi. Akichagua tano alipelekwa dukani kuziandika. Akichagua moja hadi nne alipelekwa kwenye barua ya malalamiko ya ndani, ambako hakuna mwingine angeisoma. Tovuti ya Eurogamer ililipa alama 1 kati ya 10. Molyneux mwenyewe alilijaribu akasikitika hadharani. Mei studio iliyolitengeneza, Mythic, ikafungwa, na Julai wasimamizi wa matangazo wa Uingereza, ASA, wakaamua kwamba kuliita gemu hilo la bure kulipotosha watu.

Wakati hayo yakiendelea, dunia nzima ilikuwa ikigusa kioo kumrusha ndege mnene wa njano katikati ya mabomba ya kijani. Flappy Bird lilikuwa la Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, ambaye aliliandika kwa siku chache na kuliweka dukani Mei 2013. Miezi minane halikuonekana na mtu. Januari likapanda hadi kileleni. Lilikuwa la bure na halikuuza kitu chochote. Lilionyesha tangazo dogo tu, na tangazo hilo lilisemekana kumwingizia dola 50,000 kwa siku. Watu waliligombania kama ni gemu zuri au baya, na mimi nasimama na wanaosema lilikuwa zuri, kwa kipimo cha nyoka: sheria moja, kosa lako ni lako, na unaanza upya kabla hasira haijapoa. Nguyen hakufurahi. Alisema limewashika watu kupita alivyokusudia, na limemharibia maisha yake ya kawaida. Februari akaliondoa. Mtu aliyekuwa na mgodi wa fedha mfukoni aliufunga kwa mkono wake, na ndani ya siku chache duka likajaa ndege wa bandia wa kila rangi.

Katikati ya purukushani hiyo, tarehe 6 Februari, likatoka Threes, la Asher Vollmer na Greg Wohlwend, muziki wa Jimmy Hinson. Uwanja wa mraba, vyumba vinne kwa vinne. Moja na mbili zinaungana kuwa tatu. Kuanzia hapo namba huungana na pacha wake tu, tatu kwa tatu, sita kwa sita. Ukisukuma, vigae vyote vinasogea hatua moja upande huo na kipya kinaingia. Mtoto analielewa kwa dakika moja. Liliwachukua miezi 14. Muda mwingi wa miezi hiyo waliutumia kupotea: walijaribu kuweka sushi mahali pa namba, wakajaribu mapambo ya namna nyingine, wakaongeza sheria na kuziondoa, kisha wakarudi kwenye namba tupu walizoanza nazo, sasa zikiwa na nyuso ndogo na sauti. Waliliuza kwa bei iliyo chini ya dola tatu.

Muda mfupi tu baadaye likatokea gemu la kuiga. Kisha tarehe 9 Machi kijana wa Kiitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, alitoa 2048, aliyoiandika wikiendi moja akifuata gemu hilo la kuiga. Aliitoa bure kwenye intaneti pamoja na msimbo wake, kwa nia njema, bila kutaka faida. Katika juma la kwanza ilitembelewa na watu milioni nne. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliubeba wakaupeleka kwenye maduka ya simu na kuubandika matangazo, na toleo mojawapo likakaa kileleni. Ikafika mahali watu waliomwona mwenzao akicheza Threes walimwambia anacheza kopi ya 2048.

Vollmer na Wohlwend walijibu kwa jambo ambalo sijaona studio nyingine ikilifanya. Mwishoni mwa Machi walichapisha barua pepe zao za miezi 14, maneno zaidi ya 40,000, pamoja na michoro iliyotupwa, ili mtu aone unyofu wa gemu lile uligharimu nini. Hoja yao ilikuwa ya kiufundi pia. Katika 2048 vigae vinateleza mpaka mwisho wa uwanja, na ukizisukuma namba kubwa kuelekea pembe moja na kuendelea hivyo hivyo, unafika mbali bila kufikiri. Threes linasogea hatua moja na lina zile moja na mbili zisizopatana na kitu kingine, na hilo ndilo linalomzuia mchezaji asilale. Miezi 14 ilikuwa imekwenda kuitafuta tofauti hiyo. Nimeyacheza yote mawili vya kutosha kukubali kwamba wana haki. Ila nakubali pia kwamba mtu wa kawaida ndani ya daladala haoni tofauti hiyo siku ya kwanza, wala ya pili, na moja kati ya magemu hayo halimgharimu kitu.

Aprili ndipo ustwo ya London ilipotoa Monument Valley, chini ya mbunifu Ken Wong. Binti mdogo mwenye kofia iliyochongoka anatembea juu ya majengo yasiyowezekana, ya aina aliyoichora Mholanzi Escher. Ukizungusha mnara, ngazi mbili zisizokutana zinakutana kwa sababu tu jicho lako limedanganywa. Lilikuwa na sura kumi, lilikwisha kwa muda wa saa mbili hivi, bei dola 3.99. Novemba walipoongeza sura nane kwa dola 1.99, baadhi ya wachezaji walishuka dukani na kutoa nyota moja moja, wakilalamika kwamba wameombwa fedha tena. Januari 2015 studio iliweka hesabu zake wazi: gemu liligharimu dola 852,000 na wiki 55 za kazi, na likaingiza zaidi ya dola milioni 5.8. Fedha nzuri. Lakini walisema pia kwamba kwenye Android ni asilimia 5 tu ya simu zilizokuwa na gemu hilo zilizolipiwa, ingawa walikiri kwamba humo wamo walionunua mara moja na kuliweka kwenye vifaa viwili au vitatu.

Hiyo asilimia 5 huwafanya waandishi wa Ulaya wazungumzie wizi. Huku kwetu mambo yalikuwa na sura nyingine. Miaka hiyo ndipo simu janja za bei nafuu, Tecno na wenzake, zilipoanza kuingia mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, zote zikiwa za Android. Wenye simu hizo wengi hawakuwa na kadi ya benki. Fedha yao ilikuwa kwenye M-Pesa na mitandao mingine, na duka la Google halikuijua. Gemu la dola 3.99 lilikuwa nyuma ya kioo hata kwa aliyekuwa nazo hizo dola. Kwa hiyo neno bure, ambalo kule lilikuwa mbinu ya soko, hapa lilikuwa mlango pekee. Malipo yakawa tangazo, na tangazo linakula bando. Vijana waligundua upesi kwamba ukizima data kabla ya kufungua gemu matangazo hayaji, na kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu ya kucheza gemu safi. Watengenezaji nao wakaamka. Magemu mengi sasa yanakataa kufunguka bila intaneti, hata yasiyoihitaji kwa lolote.

Yaliyofuata yanaweza kusimuliwa haraka, kwa sababu mwaka 2014 ulikuwa umeyapanga. Novemba mwaka huo Apple iliondoa neno la bure kwenye kitufe chake cha dukani na kuweka neno la kuchukua. Desemba 2016 Nintendo, yenye jina kubwa kuliko wote, ilijaribu kuuza Super Mario Run kwa dola 9.99 mara moja kwa yote. Lilipakuliwa na mamilioni, wengi wakacheza hatua za mwanzo za bure na kuondoka. Miezi miwili baadaye kampuni hiyo hiyo ilitoa Fire Emblem Heroes, la bure, lenye bahati nasibu ya mashujaa ndani yake, na mapato yake yakalipita la Mario kwa mbali. Septemba 2020 Wachina wa miHoYo walitoa Genshin Impact, dunia nzima ya milima na majiji inayoenea simuni, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 100. Kwa macho ni kazi ambayo hakuna aliyeota mwaka 1997. Njia ya kuilipia ni bahati nasibu.

Magemu yaliyouzwa mara moja yalipata pia adui ambaye hakutajwa sana. Septemba 2017 mfumo mpya wa Apple, iOS 11, ulikataa kufungua programu za zamani za biti 32, na maelfu ya magemu ambayo watengenezaji wake walikuwa wameshahamia kazi nyingine yakafa siku moja, yakiwa yamelipiwa. Gemu linaloingiza fedha kila siku lina mtu wa kulirekebisha. Lililouzwa mwaka 2010 halina. Desemba 2018 Epic iliyaondoa dukani yote matatu ya Infinity Blade, ikieleza kwamba imekuwa vigumu kuyahudumia. Epic hiyo hiyo, Agosti 2020, iliingia vitani mahakamani na Apple juu ya ile asilimia 30 kupitia Fortnite, gemu la bure.

Threes limeyapitia yote hayo bila kubadilishwa kanuni. Lilianza kwa kununuliwa. Mwaka 2015 waliolitengeneza walitoa toleo la bure, ambamo mchezaji anatazama tangazo la video ili apate michezo mingine kadhaa, akimaliza anatazama jingine. Septemba 2019 Apple ilianzisha Arcade, ada iliyokuwa wakati huo dola 4.99 kwa mwezi kwa magemu yasiyo na matangazo wala vito, na Aprili 2021 Threes likaingizwa humo pia. Siku hiyo hiyo liliingia Monument Valley, sura zake zote, pamoja na zile nane zilizowahi kupewa nyota moja.